Kushuka Goma
Mtu wa Kibati, mlimani kaskazini ya mji wa Goma huko Kongo, husema anashuka Goma, hata akitafuta chumvi tu. Kwa mwenye chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kushuka ni kazi: magunia ya makala ya kupikia yamefungwa kamba, goti juu ya kandambili kuukuu, mguu ukikandamiza kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma ili mbao isikimbie. (Kurudi mlimani unasukuma, na hakuna anayekuonea wivu.)

Lakini kwetu wazee wakisikia "wameshuka" huuliza kwanza ni nani, au ni nini. Mwaka 1977, 2002 na Mei 2021 ulishuka moto wa volkano ya Nyiragongo. Oktoba 2008 walishuka wakimbizi wa vita kutoka Kibumba na Rutshuru, kambi zikafurika hapa Kibati, kisha wengine wakahamishiwa Mugunga, magharibi ya mji.