Redio Zilizopumua Ndani ya Mbao

Wengi hudhani kwamba kabati, kwa kufungia joto, ndilo linaloua vyombo vya burudani. Historia ya redio za valvu haikubaliani nao. Miaka ya 1930, huko Ulaya na Marekani, redio kubwa ya sebuleni ilikuwa kabati kamili la mbao, na ndani yake valvu za kioo zilipata moto wa kuunguza vidole. Hata hivyo, nyingi zilidumu miaka na miaka. Siri ilikuwa mgongoni: ubao mwembamba uliojaa matundu, na mara nyingi nafasi nyingine chini, ili hewa ya nje iingie huku ile ya moto ikipanda na kutoka bila feni yoyote.

Atasema mtu kwamba transista, iliyochukua nafasi ya valvu na kuingia kwenye redio za madukani mwaka 1954, ilimaliza tatizo la joto. Ililipunguza, ni kweli. Ila nadhani pia ilitusahaulisha ule ubao wa nyuma. Ampilifaya na king'amuzi cha leo bado vina matundu yao, lakini tunavifungia nyuma ya milango ya kioo, mgongo wa kabati ukiwa hauna hata tundu moja, na hewa ileile ya moto inavizunguka usiku kucha.