Hukwe Zawose na Ilimba Yake

Leo tutasoma habari za Mgogo mwenzenu, marehemu Hukwe Zawose.

Ilimba mnaijua. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba, hupigwa kwa vidole gumba. Vyuma vingine haviguswi kabisa, huitikia vyenyewe. Kwenye tundu hubandikwa utando wa buibui, nao ndio uletao ule mvumo. Kazi hii haipatikani kitabuni, hata katika hiki mnachosoma.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Rais Julius Nyerere alimwita Zawose Dar es Salaam. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapiga pia Ulaya na Marekani.

Je, heshima ya fundi ni makofi tu? Ufilipino waliweka sheria mwaka 1992: fundi bingwa wa sanaa za asili hupewa sifa na fedha kila mwezi, naye sharti afundishe vijana. Naona wamefanya akili. Zawose alifariki Desemba 2003. Charles Zawose, ndugu yake aliyepiga pamoja naye, akafariki mwaka 2004. Ilimba ingaliweza kunyamaza. Lakini jamaa zake wa Bagamoyo walikuwa wamekwisha kujifunza. Zamani wanawake waliimba na kupiga ngoma, ilimba ikawa ya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao, “Maisha”, na ilimba wanaipiga wenyewe.

Kabla ya somo lijalo, mwulizeni mzee mmoja mpiga zeze: Nani alikufundisha? Nawe umemfundisha nani? Andikeni majina yote mawili.