Misheni

Neno «misheni», lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza na ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutuma, limehama kutoka kwenye tendo hadi mahali, kwani katika maeneo kama Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, hutaja kiwanja chenye kanisa, shule na zahanati. Uhamaji huo una sababu yake: Walutheri wa Norwei walipofungua hospitali ya Haydom huko Mbulu mwaka 1955, walikuwa miongoni mwa Wairaqw, wenyeji wa eneo hilo, ambao tayari walikuwa wakimwomba Looa, yaani nguvu njema ya kike inayohusishwa na jua, na kwa watu wenye imani yao wenyewe, kitanda cha mgonjwa kilieleweka upesi kuliko mahubiri.