Uamuzi wa 1978 ulioipa intaneti umri mrefu

Tarehe 22 Novemba 1977, gari la utafiti lilikuwa barabarani kusini mwa San Francisco, Marekani, likirusha data kwa mawimbi ya redio. Data hiyo iliingia katika mtandao wa ARPANET, ikavuka Atlantiki kwa setilaiti hadi Ulaya, kisha ikarudi Marekani na kupokewa na kompyuta ya Chuo Kikuu cha Southern California. Mitandao mitatu iliyojengwa kwa namna tofauti kabisa ilikuwa imeelewana.

Iliyoiunganisha ni TCP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ambayo Vinton Cerf na Robert Kahn waliieleza katika makala yao ya Mei 1974. ARPANET, ulioanza 1969, ulikuwa na itifaki yake, NCP, lakini hiyo iliutegemea mtandao wenyewe usipoteze kitu. Redio na setilaiti hupoteza. Kwa hiyo Cerf na Kahn, walionufaika pia na mawazo ya Mfaransa Louis Pouzin, waliziachia kompyuta za pande mbili kazi ya kuhakiki. Mtandao ukabaki kupitisha vifurushi vya data tu.

Hata hivyo, TCP ya mwanzo ilijitwika mzigo wote: kufikisha vifurushi, kuvipanga na kudai vilivyopotea. Danny Cohen, aliyekuwa akijaribu kusafirisha sauti mtandaoni, aliona kasoro yake. Katika maongezi, silabi iliyopotea haina haja ya kudaiwa. Kuisubiri kunakwamisha maneno yanayofuata. Agosti 1977 mtafiti mwenzake Jon Postel naye aliandika kwamba wabunifu walikuwa wakikosea kwa kuchanganya matabaka, yaani kazi zinazopaswa kutengwa.

Mwaka 1978 kazi ikagawanywa. Itifaki mpya, IP, ikapewa anwani na safari za vifurushi. TCP ikawekwa juu yake, ipange vifurushi na kudai vilivyopotea. Wasioweza kusubiri, kama watumaji wa sauti, wakapata itifaki yao, UDP, mwaka 1980. Chini ya IP pakaachiwa waya, redio na setilaiti; juu kabisa, programu za watumiaji. ARPANET uliiacha NCP rasmi tarehe 1 Januari 1983. Mwaka uliofuata shirika la viwango la ISO lilichapisha mfumo wake wa matabaka saba, ambao wanafunzi hukariri hadi leo, ingawa intaneti inaendeshwa kwa TCP/IP.

Faida ya mgawanyo huo wa kazi ilionekana baadaye. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, hakuhitaji kubadili waya hata mmoja. Mwaka 2009, mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, eneo lililokuwa likitegemea setilaiti, barua pepe ziliendelea kusomwa kwa programu zilezile. Tabaka la chini lilibadilika, ya juu hayakuguswa. Intaneti imedumu kwa sababu waasisi wake walikubali kwamba hakuna itifaki moja inayopaswa kufanya kila kitu.