Mwezi wa Harusi na Mwaka wa Asumini

Kila Shaabani ikikaribia, suali huwa lile lile: mwasumini umejaa majani matupu, harusi ni wiki ijayo, kikuba kitatoka wapi? Wiki moja haitoshi. Bibi zetu walilijua hilo, na hesabu waliyoitumia ina historia yake.

Tuanze na maua yenyewe. Mengi tunayoyaita ya kwetu ni wageni waliokaribishwa vizuri. Asumini asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na jina lake ni la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu. Mlangilangi umetoka mbali zaidi, Ufilipino na visiwa vya Indonesia. Waridi na mrehani majina yake ni ya Kiarabu. Kilichotuunganisha na nchi hizo ni upepo: kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha makwao.

Wakati wa Seyyid Said mapenzi ya maua yalionekana hata kwenye kuta. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mnamo 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ina maua yaliyochongwa kwenye chokaa. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, akaeleza maisha ya wanawake wa majumba yale. Lakini asumini haikuwa ya majumba makubwa peke yake. Mwanamke mwenye uwa mdogo alipanda mche wake karibu na kisima, akatunga koja, akafunga kikuba cha asumini, mrehani na mkadi, akakivaa nyumbani kwa ajili ya mumewe na kwenye shughuli za wanawake wenzake. Na tunajua Mtume (SAW) alitufundisha kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuibeba na ina harufu nzuri.

Sasa hesabu. Harusi zetu nyingi hufanywa kabla ya Ramadhani au Mfunguo Mosi, kwa kalenda ya mwezi. Mwaka huo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Shaabani huzunguka misimu yote. Ya 1985 iliangukia masika, ya 2000 iliangukia vuli, na ya 2026 kaskazi. Mwasumini haujui Shaabani. Unajua mvua, jua na upepo. Ndiyo maana wazee, pamoja na kalenda ya ibada, walikuwa na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku 10 kumi. Ulikuwa mwaka wa wakulima na manahodha, na Makunduchi bado wanauadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Basi na wewe hesabu hivi, kwa kurudi nyuma kutoka siku yako. Maua ya asumini hutoka kwenye matawi machanga. Punguza matawi miezi miwili hadi mitatu kabla ya harusi, kisha uache mkasi kabisa.

Kama miezi hiyo ni ya masika, adui ni maji yanayotuama: inua udongo kwenye shina, na mche wa ndoo uhakikishe una matundu chini. Kipupwe, kuanzia Juni, maua hupungua; ndio wakati mzuri wa kukata matawi makavu na kutia samadi iliyooza vizuri. Ukikaa karibu na bahari, ukinge na kusi, kwani upepo wa chumvi huunguza majani. Vuli ikianza Oktoba machipukizi hukimbia, nawe palilia. Kaskazi mwagilia asubuhi mapema, na ufunike udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi. Misimu yote mche uupe jua la kutosha. Kivulini utapata majani tu.

Mrehani ukatwe vichwa kabla haujatoa mbegu, utazidi kutanuka. Mlangilangi ukiachiwa hurefuka usiufikie. Ngazija na Nzuwani, wanakokamua mafuta yake, huukata kileleni ili wachumaji wayafikie maua. Yachume alfajiri, yakishageuka manjano.

Asumini zenyewe zichumwe alasiri zingali vifumba, zitungwe magharibi haijaingia. Usiku zitafunguka zenyewe, kwenye nywele au kitandani, na kesho yake zitakuwa zimenyauka. Ndivyo zilivyo.

Leo nyua zinamiminwa zege, na maua ya plastiki yanauzwa kila duka la mapambo. Hayanyauki, kweli, lakini hayanukii. Mche ukipotea uani, na hesabu yake inapotea pamoja nao. Ilipita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, mkono kwa mkono. Kwa hiyo mama mwenye binti wa kuozwa, omba kitawi kwa jirani, kichomeke kwenye ndoo mvua zikianza, na umuonyeshe binti yako namna ya kukitunza. Ndoo moja yatosha.