Mwana wa Ukerewe na kalamu ya lugha ya pili



Mwanafunzi mmoja hapa Muhuta aliandika katika insha yake kwamba kila raia ana haki ya kupiga "kula". Darasa zima lilicheka, naye akaikunja karatasi yake. Kosa hilo lina asili: Kirundi hakitenganishi sauti za l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na mkono huandika kile ambacho sikio limezoea. Kilichonihuzunisha si kosa lenyewe, bali kwamba tangu siku hiyo hakuandika zaidi ya mistari mitatu.

Kwa ajili yake nawaletea historia ya Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Kama sisi, alikuwa mtoto wa ziwani. Na kama wengi wetu, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikachapishwa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Riwaya hiyo ilizua mjadala mkali hata ikazuiwa kwa muda isisomwe shuleni.

Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanamapokeo walipinga wakisema kwamba utungo wa namna hiyo si shairi. Nyuma ya ubishi huo palikuwa na swali zito: ni nani mwenye haki ya kuamua Kiswahili kiandikweje? Kezilahabi hakuitupa kalamu. Aliandika riwaya nyingine, akatafiti riwaya za Shaaban Robert, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Alifundisha Dar es Salaam, kisha Botswana. Mauti yalimfika Januari 2020. Leo historia ya fasihi ya Kiswahili haiwezi kuandikwa bila jina lake.

Wataalamu wa ufundishaji nao walifika mahali pa karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1967, Mwingereza Pit Corder alichapisha makala akieleza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa kanuni anazojijengea akilini. Basi mwalimu anayecheka makosa huutupa ushahidi aliopewa bure.

Jambo hili linahusu uraia pia. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mfanyabiashara wa Rumonge anayevuka ziwa kwenda Kigoma atahitaji kusoma mkataba na kuandika barua ya malalamiko akidhulumiwa. Raia anayeogopa kuandika kwa kuchelea kuchekwa, haki yake huandikwa na mtu mwingine.

Nilimrudishia mwanafunzi yule karatasi yake. Nilipiga mstari chini ya neno moja tu, nikaandika pembeni: "Kula nako ni haki, ila hapa ulikusudia kura. Endelea." Safari hii alicheka yeye kwanza. Wiki iliyofuata aliniletea ukurasa mzima.

Nanyi andikeni. Kosa husahihishwa, karatasi tupu haisahihishiki.