Kutoka Nukta hadi Mstari: Historia ya Dhana Inayohitaji Jina

Wafasiri wa vitabu vya kompyuta hukutana na dhana mbili za picha. Rasta ni picha iliyojengwa kwa vijisanduku vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu; asili ya jina hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya reki. Vekta huhifadhi mistari kwa vipimo vya mahali inapoanzia, inapopinda na inapoishia. Tunalokosa ni jina la kazi ya kupata vekta kutokana na rasta.

Kazi yenyewe imeitangulia kompyuta. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na ramani nyingi za Tanganyika zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Tuchukue mfano wa Masasi na Newala. Vilima vya mawe vya Masasi husimama peke yake katika tambarare, hivyo mpaka wake ni rahisi kuuona. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, ikielekea bonde la Ruvuma. Ukingo huo hushuka kwa magenge, mabonde na vichaka. Ni mchoraji anayeamua mstari upite wapi.

Roger Tomlinson wa Kanada alifikiria kutumia kompyuta baada ya kazi ya kutafuta mahali pa kupanda miti Afrika Mashariki kuonekana ghali mno kwa mkono. Mfumo uliotokana na wazo lake, katika miaka ya 1960, ulisoma ramani kwa mashine kama nukta, kisha ukazifanya mistari. Mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya Landsat 1, ambayo kijisanduku kimoja cha picha yake kilichukua takriban mita 80 za ardhi. Kwa kipimo hicho, genge na kichaka kilicho chini yake huweza kuwa rangi moja.

Hivyo basi, neno "kubadili" halitoshi, kwani huficha uamuzi. Tunapendekeza "kufuatisha", kama mtoto anavyofuatisha herufi shuleni. Shughuli yenyewe iitwe "ufuatishaji".

Jambo hili si dogo. Maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na mhandisi hukadiria kimo kwa kontua. Akisoma kwamba ramani "imebadilishwa", ataiamini. Akisoma kwamba "imefuatishwa", atauliza: nani aliyeifuatisha, na kwa picha gani?